Kuridhika na kazi na hali ya wodini: maswali ambayo wauguzi wa Tanga huuliza kila mara

Maswali haya hayakutungwa mezani. Yameokotwa chumba cha chai, kwenye daladala ya Raskazone, baada ya ripoti ya asubuhi, na kwenye simu za saa tano usiku za vijana waliopangiwa Handeni na Kilindi kwa mara ya kwanza. Anayejibu ni muuguzi mkunga mwenye miaka ishirini na miwili wodini, tisa kati ya hiyo akiwa inchaji, yaani kiongozi wa wodi. Palipo na kisa cha kuudhi, hospitali haitajwi jina. Maswali yana namba ili jibu moja lisirudiwe mara tatu.

## Mambo ya msingi

1. Kuridhika na kazi si ndiyo kuipenda kazi?

Hapana. Nawajua wakunga ambao wakipokea mtoto hufurahi kama wamejifungua wao, na bado kila Jumatatu wanaulizia nafasi ya kuhama. Ukunga wanaupenda, kituo hawakitaki. Kuridhika ni vile unavyoiona kazi yako kama ilivyo: zamu, mkubwa wako, vifaa, heshima, mshahara, na kama jioni ukivua viatu unaona kuna jambo umelifanya.

Mwaka 1959 Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake walisema kuna mambo mawili mbalimbali hapa. Yapo yanayoudhi yakiwa mabovu, kama taratibu, usimamizi na mshahara. Yapo yanayotia moyo yakiwepo, kama kutambuliwa, kuaminiwa na kujifunza. Ukiondoa maudhi hupati mtu mwenye furaha, unapata mtu asiyelalamika. Wengi wamempinga tangu hapo, na kuhusu mshahara hata mimi simkubalii (swali la 4). Ila anasaidia kueleza kwa nini wodi iliyopakwa rangi na kufungwa feni mpya bado ina watu walionuna.

2. Na hiyo "hali ya wodi" ni kitu gani?

Ni kile unachokijua kabla hujasukuma mlango. Umechelewa dakika kumi, mvua ya masika imejaza barabara, unajua mapema kama utaulizwa "umefikaje, mwanangu?" au utasomwa jina mbele ya wanafunzi. Umekuta dozi ya saa sita haikutolewa. Unajua kama ni salama kusema au heri unyamaze.

Mimi hupima kwa kusikiliza zamu zikikabidhiana. Wodi yenye hali nzuri, anayetoka husema "mgonjwa wa kitanda cha saba sikumwahi, nisaidieni." Wodi yenye hali mbaya, kila kitu kimekamilika kwenye kitabu.

3. Kila mtu anasema hospitali zinabadilika. Kipi hasa kimebadilika?

Mengi, na yamekuja kwa mkupuo. Mwishoni mwa 2017 Rais Magufuli aliagiza hospitali za rufaa za mikoa zitoke TAMISEMI ziwe chini ya Wizara ya Afya. Kwa mkoa wetu hiyo ni Bombo, ile yenye majengo ya Wajerumani yanayotazama bahari. Hospitali za wilaya, Korogwe, Lushoto na nyinginezo, zikabaki kwa halmashauri. Wauguzi waliosoma darasa moja na kupanga chumba kimoja wakajikuta na wakubwa wawili tofauti, waraka huu unamhusu huyu, ule haumhusu. Kipindi hicho hicho fedha za serikali zikaanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya, na muuguzi wa zahanati akaongezewa vitabu vya hesabu juu ya chanjo na kliniki ya wajawazito.

Halafu mifumo ya kompyuta (swali la 12), upimaji mpya wa utendaji (swali la 13), majengo mapya (swali la 14). Na sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, inayobadilisha maneno ya dirishani: mwenye kadi haombi, anadai. Ni haki yake. Lakini anayedaiwa ni binti aliyesimama pale dirishani, si aliyeandika sheria.

Sitaki kurudi enzi za faili kuliwa na mchwa. Nilichoona kikiwavunja watu ni namna mambo yanavyowafikia: tangazo ubaoni Ijumaa jioni, kazi Jumatatu asubuhi, na ukiuliza unaitwa mpinga maendeleo.

4. Si mtuongezee hela tu? Tutaridhika.

Hela ni jambo zito kuliko vitabu vinavyokiri. Kuanzia 2016 watumishi wa umma tulikaa miaka bila nyongeza ya mwaka, na madaraja yakisuasua. Mwaka 2022 kima cha chini kikapanda kwa asilimia 23.3, na Julai 2025 kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Ila kima cha chini ni cha chini kweli. Wengi wetu tulikuwa juu yake, na tulichopata hakikufanana na kilichotangazwa redioni. Mama mkwe alisikia thelathini na tano, akaja na orodha.

Pamoja na hayo, utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa 2008 ulikuta karibu nusu ya madaktari na wauguzi hawajaridhika na kazi. Mshahara mdogo ulikuwemo katika sababu. Orodha haikuishia hapo: vifaa kukosekana, mtu kupimwa utendaji bila kuambiwa ameonekanaje, habari kutofika kutoka kwa uongozi, kutoshirikishwa kwenye maamuzi, na wakubwa kutojali maisha ya wafanyakazi. Mshahara unapangwa Dodoma. Hayo mengine yanapangwa humu humu ndani, na ndiyo yanayojibiwa zaidi hapa.

## Zamu, uhaba na uchovu

5. Muuguzi mmoja anatakiwa ahudumie wagonjwa wangapi?

Utafiti unaotajwa kuliko wote ni wa Linda Aiken na wenzake, uliotoka 2002, katika hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani. Kwa kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Kwa wauguzi wenyewe, uwezekano wa kuishiwa nguvu ulipanda kwa asilimia 23 na wa kutoridhika na kazi kwa asilimia 15. Wenzetu walikuwa wanabishana juu ya wagonjwa wanne au wanane. Soma hiyo saa nane usiku ukiwa na vitanda thelathini na mhudumu mmoja, utacheka peke yako.

Kwetu hesabu ina kificho chake. Anayemgeuza mzee aliyepooza ni mkewe; anayemlisha ni binti yake aliyetoka Muheza na kapu la ndizi. Mwuguzi akihesabiwa peke yake, kazi ya ndugu haionekani, na siku uongozi ukikaza saa za kutazama wagonjwa, kazi ile yote inamwangukia yeye bila mtu kuandika popote.

Kwa hiyo andikeni nyinyi. Kila zamu, kwenye daftari moja: wagonjwa wangapi, wangapi wa kuangaliwa kwa karibu, wauguzi wangapi, kipi hakikufanyika. "Tumezidiwa" haina uzito kikaoni, inasemwa na kila idara. Daftari la miezi mitatu lina uzito. Nimewahi kumwona matroni, mkuu wa wauguzi, akiondoka kikaoni na wauguzi wawili wa nyongeza kwa sababu ya daftari la kurasa kumi na nne, mwandiko mbaya, chai imemwagika juu yake.

6. Rosta ya haki inaonekanaje?

Ukitaka kujua kwa nini watu wa wodi fulani hawasalimiani, omba rosta zao za miezi sita. Utakuta nani hapangiwi usiku, nani kila Idi yuko kazini, nani Jumamosi zake ni za harusi siku zote.

Kwanza sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Zamu ya saa 12 inaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi, si zaidi ya siku tano kwa wiki, na zile 45 zinabaki pale pale. Usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, una nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Watumishi wa umma wana pia Kanuni za Kudumu na nyaraka za posho. Muulize afisa utumishi ipi inakuhusu, na uombe uisome, usisimuliwe.

Sheria haipangi rosta lakini. Anayeipanga ni inchaji, na kila mstari wake watu wanaupima. Hapa Tanga tuna neema moja: wodi nyingi zina Waislamu na Wakristo wa kutosha, kwa hiyo Idi hushikwa na kina Mariamu wa kanisani na Krismasi na kina Mwanaidi, na hakuna aliyewahi kuandikiwa waraka juu ya hilo. Ramadhani ndipo inchaji anapojulikana. Anayejua kazi huwapanga wawili wawili, dakika kumi na tano kila jozi, mtu anafuturu ameketi na uji wake. Asiyejua hujifanya haoni, watu wanafungua kwa tende za mfukoni wamesimama chumba cha dawa.

Kuna na la usafiri. Zamu ikiisha saa mbili usiku, anayekaa karibu anatembea. Anayekaa Pongwe anahesabu nauli ya bajaji na hofu juu yake. Nilipokuwa inchaji nilianza kuuliza kila mtu anakaa wapi kabla ya kupanga. Haikunigharimu shilingi, na maombi ya ruhusa za ghafla yakapungua.

Rosta itoke mapema, ibandikwe wazi, na kubadilishana kuandikwe na kusainiwa na wote wawili. Kubadilishana kwa mdomo kumevunja urafiki mwingi kuliko hela za mchezo.

7. Ni mjamzito (au nina mtoto mchanga). Nitapangiwa usiku?

Sheria hiyo hiyo ya 2004 inamkataza mwajiri kukupangia usiku miezi miwili kabla ya tarehe unayotarajia kujifungua, au mapema zaidi ukiwa na cheti cha daktari, na miezi miwili baada ya kuzaa. Likizo ya uzazi ni siku 84, na 100 ukijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Ukirudi kazini una haki ya muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku.

Andika barua mapema, usisubiri tumbo lijisemee. Na kwa wenzake: mtu kutopangwa usiku kwa sheria si upendeleo. Wodi ya wazazi inayomnunia mkunga mjamzito ina kazi ya kujieleza.

8. Nitajuaje kama nimechoka tu au nimeishiwa kabisa?

Uchovu wa kawaida huisha kwa usingizi na siku mbili za mapumziko. Christina Maslach, aliyelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1970, ametaja alama tatu za kuishiwa: moyo kukauka usiwe na cha kumpa mtu, kuwaona wagonjwa kama vitu, na kuhisi unachofanya hakina maana. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya 2019, limelieleza kuwa ni hali inayotokana na kazi, si ugonjwa wa mtu. Maneno hayo yana maana kubwa. Chanzo hutafutwa kazini kwanza, kabla ya kumwambia dada wa watu ajifunze kuvuta pumzi.

Kwa lugha ya wodini, jiangalie ukianza kuwaita wagonjwa kwa namba ya kitanda hata unapozungumza na ndugu zao. Mimi ilinipata mwaka wa kumi na tatu. Sikujua mpaka bibi mmoja aliponiambia, "Mwanangu, mie nina jina." Nilimwomba matroni anibadilishe idara miezi sita, akanipeleka kliniki ya watoto, nikarudi nikiwa mtu. Kama usingizi umekatika, kilio kinakuja bila sababu au unawaza kujidhuru, hilo si la kubadilishiwa idara. Mwone daktari, kama ambavyo ungemwambia mgonjwa wako.

## Watu wa pale pale

9. Inchaji ananigombeza mbele ya wagonjwa. Nifanyeje?

Usijibu pale. Si kwa sababu ana haki, bali kwa sababu mgonjwa anayewasikia atakataa sindano yako kesho. Mfuate baadaye mkiwa wawili: "Dada, kosa nimelikubali, lakini naomba ukinikuta nimekosea uniite pembeni." Wengi hujirekebisha, wamegombezwa hivyo hivyo walipokuwa wanafunzi na wanadhani ndiyo malezi. Akiendelea, andika tarehe na maneno, umpelekee muuguzi mfawidhi kwa maandishi, nakala kwako. Tawi la chama cha wafanyakazi, TUGHE kwa wengi wetu, lipo kwa ajili hiyo pia, na Chama cha Wauguzi (TANNA) huwa na viongozi mkoani.

Kwa mainchaji wenzangu: mtu mzima mwenye watoto watatu hafundishwi kwa kelele. Na ukimkosea hadharani, mwombe radhi hadharani.

10. Ndugu wa mgonjwa wanatutukana, siku hizi wanaturekodi kwa simu. Tunajikingaje?

Usinyang'anye simu. Video ya muuguzi anayenyang'anya simu ndiyo inayosambaa, si ile ya alichokuwa anafanya kabla. Mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba wagonjwa wengine wana haki ya kutopigwa picha, mwite inchaji au mlinzi, na uhamie pembeni ya kitanda. Kisha andika tukio kabla zamu haijaisha.

Lakini tuseme ukweli wetu. Hasira nyingi nilizoshuhudia hazikuanzia kwenye kusubiri, zilianzia kwenye kusubiri bila kuambiwa kitu. Na mji huu una adabu zake: ukimpita mzee bila shikamoo umeshakosea kabla hujagusa sindano. Neno "daktari yuko chumba cha upasuaji, tunamtegemea baada ya saa moja, mama, kaa hapa kivulini" linachukua muda mfupi kuliko ugomvi. Wodi yenye watu wawili kwa thelathini hata neno hilo halina wa kulisema, na hapo tunarudi swali la 5.

11. Mimi ni muuguzi wa kiume, kila mtu ananiita "dokta". Nisahihishe?

Sahihisha, kwa upole, kila mara. Ukiacha, siku utakapoulizwa dawa ambayo si yako kuandika utakuwa umejifunga. Leba ni habari nyingine: ombeni ridhaa ya mama, na mwenzako wa kike awepo. Wapo akina mama wa pwani watakaokataa, wana haki yao, usilichukue moyoni.

## Mifumo mipya, majengo mapya

12. Kompyuta imeongeza kazi badala ya kupunguza. Kwa nini?

Kwa sababu mara nyingi inakuja juu ya karatasi, haiji badala yake. Mgonjwa anaandikwa kwenye faili, kwenye mfumo kama GoTHOMIS, halafu kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za afya. Mtu yule yule, mambo yale yale, mikono ile ile. Mfumo una faida zake: vipimo havipotei njiani, dawa na mapato yanaonekana. Ila faida inaonekana ofisini na kazi inaonekana wodini, na walio ofisini hushangaa kwa nini wa wodini hawashangilii.

Hospitali moja niliyofanyia kazi ilileta mfumo kwa mafunzo ya siku mbili. Waliopelekwa ni "wanaojua kompyuta", ambao wote walikuwa wa zamu ya asubuhi. Usiku wa kwanza tukawa na nywila moja, ya mwenzetu aliyetuonea huruma. Mwezi uliofuata ukaguzi ukaonyesha dada huyo ametoa dawa wodi tatu kwa dakika moja, na kwamba ametoa dawa hata siku mbili alizokuwa likizo. Akaandikiwa barua ya kujieleza. Aliyepanga mafunzo hakuandikiwa.

Ukiwa na sauti kwenye kikao cha kuleta mfumo, dai mambo haya kabla ya siku ya kuanza: kila mtu awe na nywila yake, watu wa usiku wafundishwe usiku, itajwe tarehe ya kuacha karatasi ipi, na ijulikane umeme au mtandao ukikatika tunafanya nini. La mwisho ndilo linalosahauliwa. Na kwa dharura, tiba haisubiri namba ya malipo. Hilo liandikwe na lisainiwe na mganga mfawidhi, lisiwe la kusemwa tu.

13. PEPMIS, huu mfumo wa kupima utendaji, inanisaidia nini mimi muuguzi?

Ilikuja mwaka wa fedha 2023/24 kuchukua nafasi ya OPRAS, ile fomu tuliyokuwa tunaijaza mara moja kwa mwaka tukinakiliana. Sasa unajaza majukumu na utekelezaji kwenye mfumo, na msimamizi wako anathibitisha. Ugumu wake ni kwamba kazi ya wodi haigawanyiki kwa malengo: huwezi kuandika "nitapokea watoto arobaini" wakati hujui nani atapata uchungu. Andika majukumu yako kwa jumla, jaza kila wiki usiyarundike, na kama msimamizi hathibitishi mkumbushe kwa maandishi. Mambo ya kupanda daraja yanaangalia huko.

14. Tumefunguliwa jengo jipya, watumishi ni wale wale. Hii ni sawa?

Jengo hufunguliwa kwa utepe, ikama (idadi ya watumishi wanaotakiwa) haina utepe. Wauguzi kumi waliokuwa wodi mbili wanagawanywa wodi tatu, na wodi mpya iko ng'ambo ya uwanja, kwa hiyo hata kuazimana mtu kwa dakika tano hakuwezekani tena.

Nimehamia jengo zuri sana ambalo sinki la kunawia lilikuwa moja, mwisho wa korido, na soketi ziko upande ambao vitanda havina vichwa. Mashine ya oksijeni ikawa inapitishiwa waya sakafuni. Hakuna muuguzi aliyeonyeshwa ramani. Sinki lingehamishwa kwa kalamu kabla ya zege. Baada ya zege likawa bajeti ya mwaka mwingine. Nalitaja hili kila ninapoulizwa ushirikishwaji maana yake nini.

15. Tunashirikishwa wapi kisheria, mbali na sanduku la maoni?

Kwa watumishi wa umma, Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya 2003 inaweka Baraza la Wafanyakazi. Bajeti na mambo ya maslahi hupita hapo. Muulize katibu wa tawi nani anaiwakilisha idara yenu. Mara nyingi jina lipo na mwenyewe hajui kama ni yeye. Mkishampata, mpeni hoja moja yenye daftari nyuma yake, msimpe kumi.

## Yasiyo ya kila siku

16. Nimejichoma sindano iliyotumika. Haraka!

Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue. Mkabidhi mtu wagonjwa, mwambie inchaji, nenda ukapimwe na uanze dawa za kinga ya VVU: saa chache za kwanza ni bora, na baada ya saa 72 hazitolewi. Dawa hizo ni za siku 28, zimalize. Uliza pia kuhusu homa ya ini B. Kama hujapata chanjo zote tatu, sema. Hakikisha tukio limeandikwa, kwa sababu bila maandishi hakuna madai ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Hili liko kwenye ukurasa wa hali ya kazi kwa sababu wengi huficha. Wanaogopa kuulizwa "ulikuwa unafikiria nini?" Wodi ambayo swali lake la kwanza ni hilo, watu wake wanajichoma na kunyamaza.

17. Nimekosea dawa, hakuna aliyeona. Niseme?

Sema, sasa hivi, kwa daktari wa zamu. Mgonjwa kwanza, mengine baadaye. Baraza la Uuguzi na Ukunga lina mamlaka juu ya leseni yako na hilo linatisha, lakini kosa lililosemwa na kushughulikiwa ni tofauti sana na kosa lililofichwa likagunduliwa kwenye maiti.

Kwa inchaji: kabla ya "nani?", uliza "ilikuwaje?" Nimewahi kukuta chupa mbili zinazofanana kwa rangi na kifuniko zimepangwa rafu moja. Dada aliyekosea alikuwa wa nne. Watatu walionyamaza niliwajua siku ile, kwa sababu yeye alisema.

18. Tunaweza kugoma?

Huduma za afya na maabara zake zimetajwa kwenye sheria ya 2004 kuwa huduma za lazima, na mgomo kwenye huduma hizo umezuiwa. Mgogoro unapelekwa kwenye usuluhishi na uamuzi. Zungumza na chama kabla ya kuzungumza na kundi la WhatsApp. Humo huwa kuna mtu anayepiga picha za mazungumzo.

19. Niko hospitali binafsi. Haya yananihusu?

Saa za kazi, usiku, uzazi na fidia (maswali ya 6, 7 na 16) ndiyo, yote. PEPMIS na Baraza la Wafanyakazi la utumishi wa umma hapana. Mgogoro wako unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ukiachishwa kazi una siku 30 tu za kulalamika. Madai mengine siku 60. Watu hupoteza haki zao wakimsubiri bosi "aliyesema tutaongea". Dai mkataba wa maandishi na nakala yake iwe kwako.

20. Nimeamua kuhama. Nianzie wapi?

Kwanza jiulize unahama kazi, kituo au mtu. Ukihama mtu, mara nyingine kubadilishiwa idara kunatosha (swali la 8). Kwa watumishi wa umma, maombi ya uhamisho sasa yanapitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi, na kumpata wa kubadilishana naye husaidia. Tanga husemwa "waja leo waondoka leo", na nimewaona wengi wa bara waliokuja na sanduku moja wakinuna, leo wana shamba la minazi na wajukuu Makorora. Walibaki kwa sababu ya watu wa wodi waliyoangukia. Bahari waliizoea wiki ya pili.

Ukiondoka, chukua nakala za barua zako, leseni na rekodi za mafunzo endelevu, maana kuhuisha leseni kunazihitaji popote uendako. Kabidhi wodi kwa maandishi. Na lile daftari la swali la 5 usiondoke nalo, muachie anayebaki na mwonyeshe ukurasa ulipoishia.